"Imefika," Alisema wa Kibombo

Zamani, nikiwa bado na meno yote na ulimi mkali kuliko leo, nilifanya kazi ya phonie pale Kindu. Phonie ni ile redio ya kusemea: inakula betri ya gari na kukoroma kutwa nzima. Nyumba ya biashara iliyotuajiri ilinunua muchele, ikawa na vituo Kibombo na Pangi, lakini watu wa mtaa nao walituletea habari zao za ndoa na za ugonjwa, na hatukuwafukuza. Hewani tuliitana "sitwayen" na "sitwayene," yaani raia mwanamume na raia mwanamuke, maana serikali ilitaka hivyo. Jumamosi sote tulishika majembe ya salongo, kusafisha barabara kwa lazima, hata mwenye mgongo mbovu.

Kazi ilikuwa na sheria moja. Kila kituo kilikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza ni kayé, daftari la kando ya mashine: neno likiingia unaliandika humo kwanza, kabla hujanyanyuka kitini. Betri ikifa, mvua ikikata sauti, neno halipotei, utalikuta kwenye kayé. Cha pili ni buku kubwa. Humo neno liliandikwa likishakabidhiwa mwenyewe, naye anatia sahihi au dole gumba. Sahihi ikishakauka ndipo unamrudia aliyetuma: "Imefika." Si kabla. Maana huyu aliyetuma akisikia "imefika," anaondoka kwenda kufanya jambo lake akijua mwenzake anajua.

Na kupima kama sheria inafuatwa, hiyo ilikuwa kazi yangu mimi. Bwana we, nilivyojidai! Kila Jumatatu nilituma neno la uongo, labda la magunia matupu, halafu nikatega sikio kungojea jibu. Ili nisimtembeze bure planton, yule mtumishi wa kupeleka barua, neno la majaribio nililielekeza kwa mwenye phonie mwenyewe. Aliandika kwenye kayé, akajikabidhi, akatia sahihi, basi. Wa Kibombo alisema "imefika" hata sijashusha mkono. Nikimwambia anisomee buku, sahihi ipo. Nikamsifu mbele ya wote.

Wa Pangi alikuwa kichwa ngumu. Hata neno la uongo alilitafutia shahidi, akarudi hewani mchana. "Sitwayen, unatembea na miguu ya kobe?" nilimfokea. Naye, pole pole: "Mama, ikifika nitakuambia." Nikamwandika vibaya kwa wakubwa.

Baba yetu alikufa alfajiri ya Jumamosi moja. Alikuwa ameugua miezi mingi, na mara tatu aliniambia: "Kaka yako njo atanipokea mu kaburi. Usikubali mwingine." Kwetu sisi waislamu wa Kindu, mtoto wa kiume hushuka chini ya shimo na kumpokea baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Ni mara moja tu, hairudiwi. Kaka yangu mukubwa, mtoto wa kiume wa pekee, alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa muchele kule Kibombo. Siku ile kulikuwa na treni ya kuja Kindu. Akiipanda asubuhi, alasiri yuko kwetu.

Nilikimbia mpaka kwenye phonie, kanga imefungwa ovyo. "Mwambie kaka yangu wa mashine ya muchele: baba amekufa, apande treni ya leo, tunamngoja."

Nikaachia kitufe cha kusemea. Kisha: "Imefika, sitwayene. Pole sana."

Sikuuliza kitu. Niulize nini? Huyu nilikuwa nimempima mwenyewe.

Nyumbani nilimkuta baba mukubwa, kaka yake baba, ameshapanga mazishi baada ya sala ya adhuhuri. "Maiti haingojeshwi," alisema, na ni kweli, njo dini yetu.

"Baba mukubwa, tungoje treni. Neno limefika."

"Na asipokuja?"

"Nimesema imefika!" Nilipaza sauti mbele ya wanaume wote, mimi mwanamuke, kwa muzee wangu. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka.

Alinitazama sana. "Haya. Tutangoja. Lakini hili liko juu yako."

Tukangoja. Jua la Kindu halimwonei mtu huruma, hata maiti. Waliongeza udi, wakaongeza tena. Alasiri nilienda stasyo ya treni, nikapita behewa moja moja, nikawauliza mpaka waliolala juu ya magunia. Kaka hakuwamo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, peke yangu. Walinyanyua jeneza na kuondoka haraka, wakazika karibu na magharibi. Sisi wanawake tulibaki. Baadaye niliambiwa kwamba baba mukubwa alishuka mwenyewe shimoni na magoti yake mabovu, na ikabidi watu wawili wamvute kutoka.

Watu walisema. Acha waseme. Kilichonichoma ni kwamba nilimkasirikia kaka yangu. Siku mbili nzima nilimtukana moyoni: kumbe habari imemfika, akaona mashine ya muchele ni bora kuliko baba yake!

Jumatatu nilirudi kazini. Badala ya neno la uongo nilimuuliza wa Kibombo: "Kaka yangu alikujibu nini?"

"Nani?"

"Wa mashine ya muchele! Habari ya kifo!"

Nikasikia karatasi. "Iko, sitwayene. Iko mu kayé, nimeiandika vizuri."

"Na buku kubwa?"

"Buku bado. Planton alikuwa ku salongo, kisha ikawa Jumapili, siku ya Mungu. Anaipeleka leo."

Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka nje. Nilimwita muongo, nikamwita muuaji. Alingoja nimalize. Hakuwa mtu mbaya, na hilo njo lilinimaliza. "Lakini mama," akasema, "siku zote nikishaandika nasema imefika, na weye unafurahi. Sasa kosa iko wapi?"

Kosa lilikuwa langu. Nilimpima mwaka baada ya mwaka na neno lisilohitaji kutoka nje ya mlango wake, ndiyo maana kwake kuandika na kufika vikawa kitu kimoja. Yule wa Pangi niliyemtukana ndiye peke yake aliyejua kazi. Tangu siku ile majaribio yangu yote niliyaelekeza kwa watu wa mbali, lakini hiyo ilimsaidia nani kwetu?

Mchana, yule wa Kibombo alinirudia kwa sauti ndogo: planton amefika kwenye mashine, kaka hayupo, ameondoka Jumapili kwenda vijiji vya kando ya reli kununua mpunga. Jumanne ilikuwa siku ya treni nyingine. Nilienda stasyo bila kujua naenda kungoja nini.

Akashuka. Kaka yangu, kifuko begani, anacheka.

"Eh, dada, nani alikuambia nakuja? Nimepandia njiani, hata Kibombo sikurudi. Muzee anaendelea aje? Nimemuletea muchele mupya, ule anapenda."

Miaka yote nilipeleka habari za watu, za vifo na za ndoa, bila kutetemeka. Sasa ilikuwa zamu ya habari yetu. Nilimshika mkono.

"Kaka, tulimuzika Jumamosi. Tulikungoja mpaka jua likataka kuzama. Mimi njo niliwaambia uko njiani."

Aliweka kifuko chini. Hakulia. "Nani alishuka?" aliuliza.

"Baba mukubwa."

"Na magoti yale?"

"Na magoti yale."

Akakaa palepale juu ya kokoto za reli, watu wakimpita na mizigo yao, akanyoosha mikono yake miwili juu ya mapaja, viganja juu, akaiangalia.