Mdogo wa Marehemu Baba

"Sijamdharau Baba Mdogo, bibi," nikasema. "Ndivyo Kinorwe kilivyo. Far ni baba, mor ni mama, mdogo wake baba ni onkel, basi. Nikiandika vingine mwalimu ananikosesha."

Bibi akaendelea kuchambua mlenda. Mwezi ujao naenda Norwe kusoma, na jioni hii familia itakayonipokea ilipiga simu ya video. Mama wa kule akauliza huyo aliyekaa pembeni yangu ni nani, nikamjibu kwa Kinorwe. Simu ilipokatika Baba Mdogo akataka kujua nimesema nini. Nikamtafsiria: nimesema wewe ni mdogo wa marehemu baba. Akachukua ndoo akaenda kunywesha mbuzi ambao walishakunywa. Chakula hajagusa.

"Najua amenilea tangu chekechea," nikamwambia bibi. "Lakini ni msamiati tu."

"Msamiati. Haya kaa, mwanangu, acha kutikisa mguu. Nilipokuwa kigori kule Haneti, Kiswahili alinifundisha mzee mmoja Mrangi aliyekuja kununua karanga. Nakumbuka siku moja aliniuliza, huyu anayepepeta ni nani? Nami nikataka aone najua maneno. Nikasema, huyu ni mke mkubwa wa baba, mama yangu alishakufa. Babu yangu alikuwa anasuka kamba ya ng'ombe, hata kichwa hakuinua. Akasema, 'Mgeni kauliza nani anakupikia, wewe unamwonyesha kaburi.'"

"Huyo mama akakuchapa?"

"Alinipakulia kama kawaida. Hilo ndilo lililoniuma. Ningechapwa ningesahau."

Akasukuma ungo pembeni.

"Kuzaa si kazi, kazi kulea. Maneno ya watu jifunze yote, na mwalimu mpe anayoyataka kwenye karatasi. Ila mtu aliyekaa anakusikia usimpunguze mbele ya wageni ili uonekane unajua. Kwetu Wagogo mdogo wa baba ni baba, hata baba awe kaburini. Mungu akutangulie kwenye baridi hiyo, ukute na huko watu wa kukuita mwanangu, na wewe uwaitike."

Mpaka naandika hapa, namsikia Baba Mdogo nje anaongea na mbuzi.

Kesho asubuhi, kabla hajaenda kazini, nitampelekea chai, nipige magoti nimwambie shikamoo baba. Halafu nitampigia yule mama wa Norwe, baba akiwa hapohapo pembeni yangu. Nitasema far min, kisha nimtafsirie baba neno kwa neno: baba yangu.