Nusu Hatua Nyuma ya Gavana

Jina la Mdomo alipewa na wenzake wa ofisini, naye hakulikataa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi siku gavana wa jimbo alipopanda milimani kuomba kura kwa mara ya kwanza, mkalimani wake akawa hoi kwa homa. Walimtoa Mdomo darasani na chaki mkononi. Hakurudi tena.

Chaguzi zilipita, gavana, ambaye wote walimwita Mzee, akashinda zote. Barabara zikafunguliwa, wapinzani wakahama au wakanyamaza, nywele za Mzee zikaanza kupakwa rangi. Kila aliposimama kuhutubia milimani, Mdomo alisimama nusu hatua nyuma ya bega lake, akimsubiri avute pumzi ndipo ageuze maneno katika lugha ya huko. Watu wa milimani walisema Mzee ana ulimi wa asali. Wakubwa wachache waliojua lugha zote mbili walijua mzinga uko kwa nani.

Mwaka huu Mzee alianza kurudia sentensi moja. Mdomo akaigeuza kila mara kuwa sentensi mpya. Halafu Mzee akawa anaanza jambo na kuliacha hewani, Mdomo analimalizia. Siku moja, kwa kukosa la kusema, Mdomo akawaahidi watu zahanati. Mwezi haujaisha, matofali yakashushwa. Badala ya kufurahi akakosa usingizi: jimbo lilikuwa limemtii yeye.

Mkewe, mkunga wa hospitali, alizijua dalili zile za Mzee za kupoteza kumbukumbu; ndizo zilizomchukua baba yake. Akamsihi aombe kuacha kazi, aseme koo linamuuma, aseme lolote.

"Mume wangu, mwenye siri ya wakubwa hastaafu," alimwambia. "Anapotea."

Mdomo akatania kwamba kwa tumbo lile, watamficha wapi? Mkewe hakucheka. Wakakubaliana: mkutano wa Jumamosi uwe wa mwisho, basi.

Jumamosi uwanja ulifurika. Mzee akashika kipaza sauti, akawatazama watu kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Hawa wote ni nani? Nani kawaleta?"

Msaidizi wake, aliyekaa mstari wa mbele, akainua macho kumtazama mkalimani.

"Mzee anauliza," akasema kwa lugha ya milimani, "mmekuwa wengi hivi tangu lini?"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Chini ya jukwaa msaidizi alimshika mkono kirafiki, akamsifu. Kuanzia leo, alisema, atakula kwa Mzee na kulala kwa Mzee, mpaka uchaguzi upite. Mdomo akaomba apite nyumbani kuchukua nguo na kumuaga mama watoto.

"Nguo zimeshakuja, mwalimu. Shemeji mwenyewe ametufungia."

Begi lilikuwa kwenye buti la gari la Mzee. Mdomo akalifungua kidogo. Mashati yalikuwa yamesokomezwa ovyo, na mkewe si mtu wa kusokomeza. Aliuliza yuko wapi. Akafunguliwa mlango wa nyuma, akaketi kando ya Mzee.

Gari lilipoondoka, Mzee alimkazia macho, akamsogelea sikioni.

"Na wewe wamekuchukua?"

"Ndiyo, Mzee."

Kwenye kiti cha mbele, msaidizi akapandisha vioo.