Siku niliyomkalia Murhula mdomoni mwa shimo, Bugarama

Wakuu, amani kwenu nyote mliomo.

Mimi humu ni wa kusoma tu, kuandika ni mara chache. Hiki ninacholeta leo nimekaa nacho miaka mingi. Sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo, na mikono yangu ilihusika. Majina tu nimebadilisha kwa heshima ya wafiwa.

Kiswahili changu ni cha Kamembe, Rusizi, hapa Rwanda tunapotazamana na Bukavu. Mkikuta "muntu" na "batoto" msinisahihishe. Ndivyo watu wa kisa hiki walivyosema.

Nimesomea vitu viwili, zimamoto na huduma ya kwanza ya majeruhi. Kuna siku nashika mpira wa maji, kuna siku nakaa nyuma ya ambulensi na mgonjwa. Mtaani wananiita Pompiye, yaani mzimamoto. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, alitaka nirithi mashine yake. Alipoona nimevaa buti na kofia ngumu alisema tu, "Basi Mungu akulinde," akaendelea kushona.

Watu wanadhani kazi yetu ni moto. Moto ni kidogo. Kazi kubwa ni barabara: malori ya saruji yanayopanda kutoka Muganza, pikipiki, na akina mama wenye uchungu wanaoteremshwa vilimani kwa machela.

Na huku ni kudogo, tunajuana. Unayemfunga jeraha leo, kesho unamkuta sokoni ananunua sambaza, wale dagaa wa ziwani. Usiyemuokoa, kesho unamkuta mama yake.

Sasa nisikilizeni.

Ilikuwa asubuhi, mvua kubwa zilikuwa zimekatika karibuni. Mimi na dereva wangu, Damaseni, tulikuwa tumemfikisha mgonjwa Muganza na tunarudi na ambulensi tupu. Simu ikaita. Kuna watu wameanguka ndani ya shimo, kijiji fulani kwenye tambarare ya Bugarama. Tulikuwa karibu, tukafika kabla ya mtu mwingine yeyote.

Lilikuwa shimo la choo. Lilichimbwa kabla ya mvua, likaachwa, likafunikwa mbao na bati. Asubuhi ile wenye nyumba walilifungua wamalizie kuchimba.

Niwaeleze kidogo wasioijua Bugarama. Ardhi ya kule inatoa maji ya moto kutoka chini, watu huenda kuoga kutibu viungo. Lakini si maji tu yanayotoka. Kuna hewa mbaya pia, haina rangi, haina harufu. Ni nzito, inalala mashimoni kama maji ndani ya ndoo. Upande wa Goma wanaiita mazuku. Ukiivuta mara mbili tatu, miguu inakatika, na hujui kwamba unakufa.

Nyumba ile ilikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, asili yake Kivu ya Kusini. Aliitwa Mama Bahati. Alikuwa na vijana watatu, wote watu wazima. Bahati mkubwa, Amani wa katikati, Murhula mdogo.

Bahati alishuka wa kwanza na jembe. Akaanguka.

Amani akafungwa kamba kiunoni na majirani, akashuka kumfuata. Akaanguka. Walipovuta, fundo liliachia. Tulipofika, ile kamba ilikuwa bado chini kwenye majani, kitanzi chake kitupu.

Na Murhula alikuwa anavua viatu ili ashuke.

Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Subiri. Gari la zimamoto limetoka Kamembe, lina vifaa vya kupumulia."

"Kamembe iko mbali," akasema. "Bandugu yangu beko hapa."

Alikuwa sahihi. Wanaoijua barabara ile ya kushuka Bugarama wanajua kona zake.

Jirani mmoja alikuwa na kuku. Nikamwomba. Tukamweka ndani ya ndoo, tukamteremsha kwa kamba polepole mbele ya watu wote. Hakufika hata nusu ya shimo. Alitikisika kidogo, kichwa kikalala.

Nikamgeukia Murhula nikadhani ameelewa.

"Miye si kuku," akasema. "Miye niko ndugu yabo."

Akaelekea shimoni.

Mtaniuliza, si mlikuwa na oksijeni kwenye ambulensi? Tulikuwa nayo, ya wagonjwa, na kile kibarakoa chake cha plastiki hakizuii hewa ya nje, huwezi kuingia nacho. Tuliufungua mtungi tukauteremsha. Ilikuwa kama kumwaga kikombe cha maji ziwani.

Tulijaribu ndoano ya chuma, ile ya wapakiaji wa magunia ya mchele, tukaifunga kwenye kamba. Ilishika shati la Amani. Tukamwinua kidogo, nikauona uso wake unapanda kwenye mwanga. Halafu shati likachanika.

Hapo Murhula aliponiponyoka mkononi, mimi na Damaseni tukamrukia. Tulimwangusha hatua chache kutoka mdomo wa shimo. Alikuwa na nguvu. Alinipiga kiwiko, jino langu moja la mbele likaondoka pale. Damaseni alishika miguu. Mimi nikamkalia mgongoni.

Ndiyo, wakuu. Nilimkalia mtu mzima, uso wake kwenye udongo, na ndugu zake wako chini yetu.

"Shuka weye basi," akawa ananiambia. "Uko na nguo ya kazi. Shuka weye. Kama uko muoga, niache miye."

Moyoni nilikuwa nimeshuka mara nyingi. Nilikuwa nimepima kwa macho: nikibana pumzi, nikimshika mmoja chini ya makwapa. Nilijua pia kwamba aliyenifundisha kazi hii alituambia kila siku, anayebana pumzi ndiye anayeokotwa wa mwisho. Lakini kujua hivyo hakukuwa kitulizo. Damaseni aliniambia baadaye kwamba kuna wakati nilianza kunyanyuka kuelekea shimoni mimi mwenyewe, akanivuta mkanda. Mimi sikumbuki.

Mama Bahati alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele. Hakulia. Alikuwa ananitazama mimi, si shimo.

Gari la zimamoto lilifika, Damaseni akabaki amemshika Murhula. Nilivaa mtungi na barakoa nikashuka mwenyewe, ingawa wenzangu walitaka kunizuia. Nilimfunga Amani akavutwa, kisha Bahati. Juu tukaanza kuwabana vifua, tukapokezana mpaka mikono ikafa ganzi.

Mama Bahati alimgusa Amani shingoni. "Iko na moto bado," akasema. "Mwili yake iko na moto."

Ni kweli, ulikuwa na moto. Lakini alikuwa amekwisha. Wote wawili walikuwa wamekwisha.

Nilikwenda matangani. Mke wangu alinikataza. "Watakufukuza," alisema. Hawakunifukuza. Nilipomkaribia Mama Bahati nikanyoosha mkono, aliuficha wake ndani ya kitenge.

"Papa, sikufukuze," akasema. "Kula, kaa. Lakini mukono yangu haitakugusa. Ulikuwa unanikalia mutoto wakati bale bengine banakufa."

Nikasema, "Mama, angeshuka mngezika watatu."

Akasema, "Weye unasema. Mungu hakusema."

Nilikaa kidogo nikaondoka.

Maneno yalisafiri kuliko nilivyodhani. Sokoni Kamembe, kwenye meza ya vitenge ya mke wangu, mwanamke mmoja alisema mbele yake, hajui anaongea na nani, "Kuna ule pompiye alikalia muntu mpaka bandugu bake bakakufa." Mke wangu alikunja kitenge akampa, akamwambia, "Ule ni bwana yangu." Aliporudi nyumbani hakunificha. Alinieleza huku anamenya ndizi, kisha akaniuliza, "Angekuwa ni ndugu yako mle ndani, ungekubali kukaliwa?"

Nikamwambia hapana.

"Basi usingoje wakushukuru," akasema.

Kuna kipindi nilifikiri kuacha kazi. Sikuacha. Badala yake nilianza kuomba nafasi makanisani, misikitini na kwenye vyama vya wakulima wa mpunga, Bugarama, Muganza, mpaka Nyakarenzo, kuwaeleza watu kuhusu mashimo. Nawaambia, mtu akianguka shimoni bila kelele, usimfuate, piga simu, zuia wengine.

Wengi walinisikiliza kama unavyosikiliza tangazo. Kwenye kanisa moja mzee alisimama akaniuliza kwa upole, "Sasa Pompiye, mtoto wangu akianguka, mimi nikae natazama?" Nilisema, "Ndiyo, mzee. Ukae." Akatikisa kichwa akaketi.

Mama Bahati tulikutana mara nyingi miaka iliyofuata. Akiniona mbele anavuka barabara. Sikumlaumu na simlaumu leo. Murhula sikumwona tena. Nilisikia ameoa, anafanya kazi ya kujenga.

Halafu siku moja tukaitwa Nyakabuye.

Safari hii nilikuwa kwenye gari la zimamoto lenyewe, na vifaa vyote. Mtu mmoja alikuwa ameshuka kuchimba kisima nyuma ya nyumba yake, akaanguka. Njiani nilikuwa najiandaa moyoni kukuta wawili au watatu. Huwa ndivyo. Shimo kama hilo huchukua mmoja, halafu huchukua wanaompenda.

Tulikuta kundi la watu wamefura kwa hasira. Katikati yao, amekaa juu ya mbao zilizofunika mdomo wa kisima, amevuliwa shati, jicho limefunga kwa uvimbe na damu inatoka kwenye nyusi, alikuwa Murhula.

Kumbe alikuwa anajenga ukuta nyumba ya jirani. Aliposikia kelele alikimbia, akamkuta mdogo wa yule mtu ameshaweka mguu kwenye ngazi. Akamvuta. Akaichomoa ngazi kisimani. Halafu akaziburuta zile mbao, akakaa juu yake, na watu wakampiga ili atoke.

Aliniona, akanitambua. Alisema kitu kimoja tu.

"Ngazi nimeitupa mu migomba. Hakuna mwengine mule ndani. Eko moja tu."

Nilivaa, nikashuka, nikamtoa yule mtu. Tulifanya yote ya kufanya. Alikuwa amekwisha zamani.

Yule mdogo wake alikuwa kijana wa umri wa kuoa, amekaa kwenye mchanga wa ujenzi, anamtazama Murhula kwa macho ninayoyajua.

Baadaye nilimkalisha Murhula kwenye ngazi ya gari nikamsafisha jeraha la nyusi. Alitulia kama mtoto. Nilibandika pamba na plasta polepole kuliko ilivyohitajika, maana sikujua nianzie wapi.

Akaanza yeye. "Banasema ni miye nimemuua."

"Watasema," nikamwambia. "Watasema muda mrefu."

"Weye ulifanya nini na ile maneno?"

"Niliamka asubuhi nikaenda kazini. Sikuwa na dawa nyingine."

Halafu akasema, "Ile siku, ningelikuwa na kisu, ningelikuchoma."

"Najua."

"Sikukuje kukuomba musamaha, Pompiye. Na sijui kama nimekusamehe." Aligusa plasta kwa kidole. "Ila nilipoona mutoto wa benyewe anaweka mguu ku ngazi, nilisikia uzito yako ku mugongo. Sikufikiri kitu. Nilikimbia tu."

Nikafunga sanduku la dawa.

Tulikwenda kuzika, mimi na yeye. Tulisimama nyuma kabisa, hakuna aliyetusogelea. Jeneza lilikuwa moja. Yule mdogo mtu alitangulia mbele amebeba msalaba wa kaka yake. Alipotupita aligeuza uso ili asituone. Alikuwa amekasirika, jasho linamtoka, anahema kwa kupanda kilima.

Nilimtazama akihema mpaka wakaanza kushusha jeneza.

Wakuu, funzo langu si kubwa. Shimo, kisima au tangi lililofungwa muda mrefu, usiliingie kwa kudhani utabana pumzi. Na mtu akianguka humo, mpende kwa kumzuia anayetaka kumfuata. Atakuchukia. Kubali achukie.

Najua pia kuna lile jibu la mama mfiwa, "Mungu hakusema," ambalo sisi wa kazi hii hatuwezi kulishinda, na sijaribu tena kulishinda.

Kama humu kuna mtu aliyewahi kushikwa hivyo, akazuiwa asiende kwa mtu wake, ningeomba aandike hapa chini. Wazuiaji nimeongea nao wengi. Ninyi mliozuiwa ndio sijawasikia vya kutosha. Nitasoma kila mtakachoandika, hata kama ni matusi.