Ahadi ya Mgombea Mwenza

Opal Haverkamp alipewa jina la Gundi mwaka ule ambao Warepublican wa kaunti yao, huko Dakota Kusini, waligawanyika hata kwenye karamu ya chama. Watu wa kanisa walikaa upande mmoja, wafugaji na wafanyabiashara upande wa pili, wala hapakuwa na salamu. Opal, aliyekuwa katibu wao, akatangaza kwamba nyama ingepelekwa tu kwenye meza zilizochanganyika. Njaa haijui kambi. Watu walihama na viti vyao. Tangu hapo, palipotokea ufa, Gundi aliitwa.

Ndiyo maana Leland Stroh, mgombea ugavana wa kambi ya wafugaji, alimfuata jikoni kwake wakati wa baridi, wakanywa kahawa. Bila watu wa kanisa, Stroh asingefika popote. Akaahidi kwamba mgombea mwenza wake atakuwa Darwin Tschetter, mzee wa kanisa na jirani wa Opal. Opal aliibeba ahadi hiyo nyumba kwa nyumba, theluji ikimfika magotini. Katika kura za mchujo watu wa kanisa walimchagua Stroh, lakini neno waliloliamini lilikuwa la Opal.

Mwezi wa Juni, mbele ya mkutano mkuu wa jimbo, Stroh alimtaja mgombea mwenza wake: tajiri wa maghala ya nafaka, wa kambi yake mwenyewe.

Opal alidhani amesikia vibaya. Akamtazama Darwin, aliyekuja na suti mpya. Darwin alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ulijua?" aliuliza Janelle, mkewe Darwin, kwa sauti ya chini.

"Sikujua, Janelle. Haki ya Mungu, sikujua."

"Lakini kahawa ulikunywa naye wewe."

Nyuma yao Vernon Pruitt, mfugaji, alicheka kidogo. "Haya, Gundi, kazi hiyo. Wabandike wenzako kabla hawajatoka mlangoni."

Wajumbe ndio humthibitisha mgombea mwenza, na mwenyekiti aliuliza, kwa mazoea tu, kama kuna jina jingine. Kwa desturi hakuna anayejibu.

"Lipo," sauti ilisema. Opal alishtuka kutambua kwamba ni yake, na kwamba amesimama. "Darwin Tschetter. Stroh aliniahidi, nami niliwaahidi watu."

Stroh aliganda jukwaani, mdomo wazi.

"Bibi wewe, unatupasua," Vernon alinong'ona. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Najua, Vernon. Keti."

Kura zilipigwa, Darwin akashindwa kwa chache. Nusu ya ukumbi ilitoka bila kumpa Stroh mkono. Opal alibaki, akabeba birika kubwa la kahawa na vikombe vya meza ya kaunti yao hadi kwenye sinki, akaanza kuviosha. Baadaye Janelle alikuja, akachukua kitambaa, akasimama kando yake. Opal alisuuza kikombe cha mwisho, akampa akikaushe.