Madigadi ya Kushoto

Fundi wa bodi ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo hakuweza kukaa karibu na kitu kilichobonyea. Akienda kumjulia hali shemeji yake, alitoka huko amenyoosha mfuniko wa sufuria na sikio la ndoo. Mkewe alishazoea. "Ficheni vyombo," aliwatania wenyeji, "mume wangu mikono inamwasha."

Basi fikiria alivyoteseka siku dalali wa mnada alipomwita kulitoa gari la marehemu daktari kwenye banda lake. Lilikuwa gari dogo la spoti, jekundu, la viti viwili, na halikuwashwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Panya walikuwa wamekula viti, turubai la juu limechanika, vumbi limelala juu ya boneti kama blanketi.

"Jaza matairi upepo, lisukumeni nje, basi," dalali alimwambia. "Kitambaa usiguse. Wanaonunua magari haya wanalitaka hivihivi lilivyo. Ukilifuta vumbi, umenifuta na mimi."

Nyundo alicheka. Kisha akaona tangazo lililobandikwa kwenye kioo: *Rangi yake ni ya kiwandani. Bodi haijawahi kuguswa na fundi.* Akalisoma mara mbili.

Maana bodi ile iliguswa, na aliyeigusa ni yeye.

Alikuwa na miaka ishirini na minne wakati huo. Daktari alikuwa safarini. Binti yake mkubwa, msichana mwenye haraka zake, alichukua ufunguo bila ruhusa na kuipiga madigadi ya mbele kushoto kwenye nguzo ya geti. Alifika gereji analia, akamwomba kijana asimwambie mtu. Nyundo akaahidi. Alifanya kazi siku tatu. Hakuweka pati ya kuzibia mabonyeo hata kidogo. Alilinyoosha bati lenyewe taratibu, nyundo juu, chuma chini. Rangi aliichanganya mara kumi na moja, akiitoa juani na kuirudisha kivulini, mpaka nyekundu ikakubali kuwa ile ile. Daktari aliporudi alilizunguka gari lake, akalipapasa, asione kitu.

Tangu siku hiyo Nyundo alinyoosha mamia ya magari, akafungua karakana yake nyuma ya nyumba, akasomesha watoto wanne. Lakini kazi iliyomzidi zote hakuna aliyeijua.

Wiki ile ya kungoja mnada hakutulia. Aliketi, akasimama. Alianza kupiga msasa mlango wa mteja, akauacha katikati, akaenda kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa. Chakula alikigusa tu. Hatimaye akamweleza mkewe kila kitu.

Mkewe alimsikiliza huku akikunja nguo. "Sasa baba watoto, nikuulize. Unataka kusema ukweli, au unataka kusifiwa?"

 Nyundo akatoka kwenda uani kutafuta kitu asichokijua.

Siku ya mnada alifika mapema. Yule binti wa daktari alikuwa ameketi safu ya mbele ya wanunuzi. Sasa ni mwalimu mkuu, ana miwani na mvi za kwanza. Nyundo alimsogelea akamnong'oneza habari ya tangazo. Mwanamke alimtazama kama mtu anayeamshwa.

"Ile ajali? Fundi, nilishaisahau kabisa."

Neno hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia. Kabla hajajibu, dalali aligonga meza, mnada ukaanza.

Ofa zilipanda upesi. Kisha mzee mmoja mrefu, mkusanyaji wa magari ya zamani, akanyoosha mkono. "Nani anathibitisha kwamba bodi haijaguswa?"

"Fundi wetu huyu hapa!" dalali akasema bila wasiwasi. "Amelitoa bandani kwa mikono yake. Fundi, waambie."

Watu wakageuka. Mwalimu mkuu akaanza kuinuka kitini, midomo ikifunguka. Nyundo alimwona, ila ulimi wake ulikuwa umeshatangulia.

"Madigadi ya kushoto, mbele," alisema. "Niliinyoosha mimi."

Dalali alimkodolea macho. Yule mzee akatoa sumaku iliyoviringishwa kitambaa, akaipitisha juu ya bati.

"Mbona inashika sawasawa?"

"Hakuna pati ya kuizuia. Ni bati tupu."

Mzee alilala chini kwenye saruji na suti yake, akamulika tochi kwa ndani, akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka masikioni. "Kuna alama za nyundo," alisema. "Ndogo ndogo, kama magamba ya samaki."  Dalali akaukata ule mstari wa tangazo kwa kalamu nyekundu. Wanunuzi wawili waliondoka. Gari likamwendea mzee kwa bei ya chini kuliko familia ilivyotarajia.

Uani, wakati gari linapandishwa kwenye lori, mwalimu mkuu alimfuata.

"Nilikuwa nasimama niseme mwenyewe. Kwa nini hukuningoja?"

 Nyundo alirudi nyumbani kwa miguu, akazunguka mitaa ambayo hakuwa na shughuli nayo. Siku tatu nyingine hakushika nyundo. Ya nne akavaa shati safi, akaenda shuleni kuomba radhi.

Alimkuta ofisini anasahihisha madaftari. Mwalimu alimvutia kiti.

"Nilisema haraka, mwalimu. Nisamehe. Nadhani nilitaka wajue ni kazi yangu."

"Najua. Nilikuona uso." Alivua miwani. "Lakini hukusema nani aliligonga."

"Nilikuahidi."

Mwanamke alicheka, cheko fupi la mtu aliyechoka. "Jana niliwaambia wadogo zangu mwenyewe. Mmoja amenuna mpaka leo. Yule mdogo ananiuliza eti baba hakugundua kweli?"

"Hakugundua."

"Una hakika gani? Baba alikuwa na macho yale ya kuona kila kitu."

 Kwa mara ya kwanza Nyundo alijaribu kukumbuka ule mkono wa daktari ukipita juu ya madigadi, kama ulipita tu au ulisimama kidogo. Kengele ya mapumziko ililia, watoto wakamwagika nje, naye bado alikuwa anajaribu.