Mama Alipoacha Kuswali

Nilianza kumshuku mama pale alipoacha kuswali. Tulikuwa tunaishi wawili tu, vyumba viwili vya kupanga Kiwalani, tangu baba alipofariki Newala nami nikamleta mjini. Mama ana miaka sitini na kitu. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona akipitwa na alfajiri. Sasa adhana inalia, yeye kalala kaelekea ukutani.

"Mama, unaumwa?"

"Mgongo tu."

Mgongo gani wa wiki mbili? Tena alikuwa anawahi kuamka kufua. Kanga zake alizianika nyuma ya choo, juu akatandaza shuka, na huku kamba ya uani iko tupu. Nikadhani kuna mganga anampa dawa za kuoga. Nikadhani pia, na hili naona haya kuliandika, kwamba mama amepata bwana.

Siku moja alipotoka kwenda kuuza korosho zake, nikaingia chumbani kwake. Ndani ya sanduku, kwenye soksi, palikuwa na kopo la dawa lililobanduliwa lebo. Nikalitikisa, halikulia. Kulifungua, nikakuta pamba imeshindiliwa juu ya vidonge. Mie nafanya usafi kwenye zahanati. Vidonge vile navijua. Ni vya kufubaza VVU.

Aliporudi alinikuta nimekaa kitandani kwake, kopo mkononi.

"Kumbe unanipekua," akasema.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu baba yako anaugua. Mwaka wa tisa huu."

"Mbona kopo limejaa?"

Akakaa mkekani. Akanieleza polepole, macho kayaelekeza mlangoni, kwamba damu ilianza kumtoka tena, yeye ambaye hedhi ilishakoma zamani. Akahisi ni zile dawa, akaziacha. Damu ikazidi. "Na mwenye damu haswali," akasema.

Kliniki yake ilikuwa upande wa Ubungo, mbali makusudi, asije akaonwa na mtu wa kwetu. Tulikwenda pamoja. Nesi alikuwa mdogo kuliko mie. Akamwamkia mama shikamoo, akafungua faili.

"Bibi, tulikuita kupima shingo ya kizazi. Hukuja."

"Niliona mnanitafutia ugonjwa wa pili. Mtu mzima mimi nivuliwe nguo na mtoto, kwa lipi?"

Nesi hakukasirika. "Kuna kirusi kingine, bibi, kinawapata wanawake wengi tu. Mwili wenye kinga nzuri hukiondoa wenyewe. Mwenye VVU mwili wake unachelewa kukiondoa, na kikikaa sana kinaiharibu shingo ya kizazi. Ndiyo maana tunawaita mara kwa mara. Dawa hazikukuletea damu. Zilikuwa zinakulinda."

Mama akanigeukia. "Wewe unamwamini?"

Nikasema namwamini. Moyoni sikuwa na uhakika. Nilimwona nesi anavyoandika kwa haraka, nikahisi kuna neno analikwepa.

Lilikuwepo. Alitupa rufaa kwenye hospitali kubwa, wakamkata kipande kidogo cha nyama cha kupima, na majibu yalipotoka daktari akatuambia ni saratani, ila bado haijatoka nje ya shingo ya kizazi. Akaanzishiwa mionzi. Majirani walipouliza tulisema vidonda vya tumbo. Yule tunayepakana naye ukuta hakuamini. Kila tukitoka alikuwa na sababu ya kufagia mlangoni kwake. Mama akarudia vidonge vyake. Akavimeza mbele yangu, halafu akaachama mdomo nikague, kwa kunikejeli.

Damu ilikatika. Siku hizi anaswali akiwa kwenye kiti, maana tangu ile mionzi miguu haijapata nguvu vizuri.

Asubuhi moja tukichambua mchele akaniuliza bila kuinua macho, "Na wewe ulipima lini?"

"Nitakwenda, mama."

"Nimekuuliza lini."

 Miaka yote hiyo nadeki zahanati, napita mbele ya mlango wa chumba cha kupimia kila siku, na sijawahi kuingia ila na ndoo. Jumanne iliyofuata nikaingia kama mgonjwa. Nikapima VVU na shingo ya kizazi, vyote salama, nikaambiwa shingo ya kizazi nirudi kuipima baada ya miaka mitatu.

Nikampelekea mama karatasi ya majibu. Akaigeuza mbele na nyuma, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Alisema ataipeleka kwanza kwa nesi wake wa Ubungo, aisome yeye.