Herufi Tatu za Shaba

Juzi nilikuwa kwa fundi wa vibao hapa Nakuru, nikingojea muhuri wangu. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbusho alikuwa amekuja kuchukua kibao cha wanajeshi wa mji huu waliokufa vitani. Fundi alikiinua juu ya kaunta ili sote tukisome. Herufi za shaba zilikuwa zimebandikwa moja moja: MASHUJAA WETU WASIOJULIKANA.

Mama aliyeketi kando yangu, mkoba mapajani, akauliza kwa upole, "Hawajulikani na nani?"

Mwenyekiti alitabasamu. "Mathe, ndivyo huandikwa."

"Mimi wangu namjua. Nilimlea hapa hapa, nikamzika kule Keringet."

Mwenyekiti alivua kofia. Fundi hakungoja kuambiwa. Alichukua bisibisi, akabandua S, akabandua I, akabandua O. Tukasoma tena: MASHUJAA WETU WA   JULIKANA.

Mimi ninayelipwa kuongeza maneno gazetini kila wiki, sijawahi kuona sentensi ikinyooshwa vizuri hivyo.

"Majina yao tutaweka hapa chini," mwenyekiti akasema. "Tuanze na la kijana wako, mama."

Mama alilitaja polepole, kisha akasema, "Asanteni kwa kunikumbukia mtoto." Nasi tukajikuta tunamshukuru yeye, hata fundi.

Fundi akataka kusogeza herufi azibe nafasi iliyobaki. Mama akaweka kidole pale.

"Wacha hiyo pengo, boss. Hata kwangu iko."